Ticha wa saa 200

Ukifanya kazi saa 8 kwa siku, saa 200 zinakwisha ndani ya siku 25. Kijana anayejifunza ushonaji pale Mwanjelwa, siku ya 25 bado anafagia vipande vya nguo chini ya cherehani na kutumwa chai. Kitambaa cha mteja hajakigusa. Lakini saa 200 ndizo zinazotajwa karibu dunia nzima kuwa zinatosha kumfanya mtu kuwa mwalimu wa yoga, yaani mtu mwenye haki ya kusimama mbele ya wenzake na kuwaambia wafanye nini na migongo yao.

Kipimo hicho kimetoka Marekani, kwenye shirika linaloitwa Yoga Alliance, lililoanzishwa mwaka 1999. Mgawanyo wake wa sasa uko hivi: saa 75 za mikao, pumzi na kutafakari, saa 30 za kuujua mwili, mifupa na misuli yake, saa 30 za historia, falsafa na maadili, saa 50 za kazi yenyewe ya kufundisha. Zinazobaki shule inajaza inavyoona. Shirika halimwiti mtu likampima. Linaandikisha shule ambazo mtaala wake umefikia kiwango, halafu shule ndiyo inayosema huyu amefuzu. Tangu korona ya mwaka 2020 mafunzo yameruhusiwa mtandaoni, kwa hiyo mtu anaweza kukaa zake Kihesa, Iringa, na laptop, bando na mwenye nyumba asiyelalamikia umeme, akamaliza kozi nzima bila mkufunzi hata mmoja kumwekea mkono begani.

Namfahamu dada mmoja aliyefanya hivyo. Alimaliza, akapata cheti, baadaye akahamia Mbeya kwa kazi nyingine kabisa, na sasa ana darasa la watu kama kumi, mara mbili kwa wiki, kwenye ukumbi wa kukodi maeneo ya Forest. Nilipowasimulia wenzangu wa chumba cha habari walicheka. "Ticha wa saa 200!" Jina likamganda papo hapo, hata kabla hawajamwona.

Kicheko kile kina hoja ndani yake, na ni hoja ambayo wengi wetu tunaitumia bila kuikagua: kwamba muda ndio unaompa mtu haki ya kufundisha. Umesoma kidogo, basi una haki kidogo. Mimi hoja hiyo siikubali. Ila msomaji asidhani naikataa ili kumpunguzia yule dada mzigo. Kwa ninavyoona, tukishaacha kuhesabu saa, mzigo wake unakuwa mzito zaidi.

Kwanza, sisi Watanzania tungekuwa wa mwisho kucheka. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto awe na nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishwe huku wanafundisha, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa kusimamiwa na walimu waliotangulia. Mtaani watu wakazigeuza herufi za UPE: Ualimu Pasipo Elimu. Miaka 30 baadaye zikaja shule za kata, njaa ya walimu ikarudi. Hapa Iringa Chuo cha Ualimu Mkwawa kikapandishwa mwaka 2005 kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini njaa haikusubiri wahitimu wake. Vijana waliotoka Kidato cha Sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na leseni, wakasambazwa. Hao ndio waliobatizwa Voda fasta, kwa jina la huduma ya kurusha vocha kwa haraka.

Mimi nilifundishwa hesabu na Voda fasta, Kidato cha Pili, shule moja ya wilayani huko Mbeya. Alikuwa na miaka 21 au 22. Nilichokiona kwake ndicho kilichonifanya niache kuamini hesabu ya saa. Kila Jumanne na Alhamisi jioni alikuwa anaingia nyumbani kwa mwalimu wetu mzee wa fizikia akiwa na daftari la mazoezi, kama sisi tu. Tulimwona, shule ndogo haina siri. Na siku nyingine yule mzee alikuja kukaa dawati la nyuma, kimya, amekunja mikono, akimtazama kijana anavyohangaika na milinganyo. Kesho yake kijana alikuwa anaanza: "Jana hapa niliwapeleka njia ndefu, tuanze upya." Hatukumdharau kwa hilo. Tulijua kwamba akitupoteza, kuna mtu atakayemwambia.

Shule ya jirani nayo ilikuwa na Voda fasta wake, na yeye alikuwa peke yake wa somo lake. Huyo hakuwa na nyumba ya kuingia jioni. Sisemi alikuwa mwalimu mbaya, sikuwahi kukaa darasani kwake. Nasema wiki zao za mafunzo zilikuwa sawa, vyeti vyao vilikuwa sawa, lakini hali zao hazikuwa sawa hata kidogo.

Sasa turudi kwenye yoga, maana huko nako kuna Voda fasta mmoja mashuhuri kuliko wote. B.K.S. Iyengar alizaliwa mwaka 1918 kijijini Bellur, kusini mwa India, mtoto wa maradhi: mafua makali, malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, vyote vilimpitia. Mwaka 1934 shemeji yake, Krishnamacharya, aliyekuwa akifundisha yoga chini ya ufadhili wa mfalme wa Mysore, alimchukua. Shemeji alikuwa mkali na hakumfundisha kwa mpangilio wowote wa kueleweka. Mwaka 1937 watu wa Pune waliomba mwalimu, na Iyengar akatumwa kwa sababu miongoni mwa nyingine, alijua Kiingereza kidogo. Alikuwa na miaka 18. Wanafunzi wake walikuwa wakubwa kuliko yeye, wamesoma kuliko yeye, na wengine walikuwa na miili bora kuliko wake. Yeye mwenyewe alikuja kusema wazi baadaye kwamba alipofika Pune alijua kidogo sana.

Alichofanya ni kujifungia na mwili wake mwenyewe kwa saa nyingi kila siku, akijaribu mkao mmoja kwa njia kumi, akiumia, akirudia. Mwaka 1966 alitoa kitabu chake, Light on Yoga, ambacho hadi leo walimu wengi wanakiweka karibu kama fundi anavyoweka futi. Na alipokuja kuweka utaratibu wa kuwapa watu vyeti vya mkondo wake, aliweka miaka ya mazoezi, na mtihani mbele ya walimu wengine. Yaani aliyeingia darasani bila kupimwa ndiye aliyekuja kudai kupimwa. Unaweza kuuona huo kama unafiki. Mimi nauona kama ushuhuda wa mtu anayejua alichokikosa.

Halafu kuna Bikram Choudhury. Huyu mafunzo yake ya ualimu yalikuwa ya wiki 9, mamia ya watu ndani ya ukumbi wa hoteli Marekani, chumba kimepashwa joto hadi nyuzi 40, mikao 26 ile ile kila siku. Ukihesabu kwa saa, wanafunzi wake walipata zaidi ya 200, tena kwa mbali. Lakini mwalimu mkuu aliketi juu ya kiti kama cha enzi na hapakuwa na mtu mle ndani wa kumwambia hapana. Wanawake waliosoma kwake walimfungulia kesi za unyanyasaji wa kingono. Januari 2016 baraza la mahakama huko Los Angeles liliamuru amlipe aliyekuwa mshauri wake wa sheria, Minakshi Jafa-Bodden, mamilioni ya dola. Yeye akaondoka Marekani, na mwaka 2017 hati ya kumkamata ikatolewa.

Kwa hiyo wingi wa saa haukuwalinda wanafunzi wa Bikram, na uchache wa saa haukumzuia Iyengar kuwa alivyokuwa. (Iyengar naye alikuwa mtu wa kofi, tusimpake rangi nyeupe. Kuna wanafunzi waliotania kwamba herufi za jina lake zina maana ya kupiga na kupiga teke.) Swali linalonisumbua mimi ni lingine: huyu anayefundisha, akikosea, nani ana uwezo wa kumwambia, na yeye ana sababu gani ya kumsikiliza? Saa ya 201 ndiyo inayonitia wasiwasi, pale kozi imeisha, kundi la WhatsApp limenyamaza, na mtu amebaki na cheti na watu kumi waliolala sakafuni wakisubiri neno lake.

Nilikwenda kwenye darasa la yule dada mara tatu mwezi Juni, na Juni ya Mbeya mnaijua. Saa 12 na nusu asubuhi sakafu ya saruji ni barafu, watu wamevaa soksi na masweta, mmoja na kofia ya sufu. Watu ni wa kila aina: karani wa benki, vijana wawili wa chuo, mfanyabiashara wa viazi, mama mmoja wa Uyole wa miaka sitini na kitu ambaye binti yake alimlipia ili apunguze maumivu ya kiuno.

Mlangoni yule dada anampigia mama magoti kidogo, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Dakika tano baadaye ni lazima amwamrishe. Kiswahili hapo kinamsumbua vizuri sana, na nadhani hakuna kozi ya New York inayoweza kumwandaa kwa hilo. Huwezi kumwambia mama wa watu "Inama!" kama unamwambia mtoto. Kwa hiyo anasema "tunainama," "tunavuta pumzi," "tunashusha kichwa." Ni heshima, na inapendeza masikioni. Lakini nilipokuwa nimelala pale nilijiuliza: "tu" hiyo ni ya nani? Mgongo unaoinama ni wa mama peke yake. Mwalimu amesimama wima. Kikivunjika kitu, hakuna "tumeumia."

Na mama hatakataa, hilo ndilo gumu zaidi. Wenzetu huko kozi zinakotoka wanafundishwa kumwambia mwanafunzi: usikilize mwili wako, ukiona maumivu acha. Wanadhani wamemaliza. Kwetu, mtu akishaitwa mwalimu, mwanafunzi wake anavumilia. Tumelelewa hivyo tangu darasa la kwanza. Kumwambia mwalimu "hapa panauma" ni karibu na kumwambia hajui kazi. Yule mama aliulizwa mara mbili kama yuko sawa, akajibu mara mbili, "Niko sawa mwalimu," huku uso unasema vingine. Mtu aliyejifunza kwa Zoom angeamini maneno. Yule dada, kwa sifa yake, aliamini uso. Alimtoa kwenye mkao, akamketisha kwenye kiti, darasa likaendelea.

Kisa cha kuinama kilinifurahisha. Kuna mkao wa kusimama na kuinama mbele, miguu imenyooka, mikono ikielekea sakafuni. Vijana wa chuo walifika magotini wakaanza kuguna. Karani wa benki alifika kwenye ugoko. Mama wa Uyole aliweka viganja vyote viwili chini kabisa, akageuza kichwa, akauliza, "Sasa hii si palizi?" Watu walicheka mpaka mazoezi yakaharibika.

Lakini swali lake lilikuwa la kweli kuliko alivyodhani. Mafunzo ya saa 200 yametengenezwa kwa ajili ya miili inayokaa kwenye viti mchana kutwa, miili ambayo kuinama ni ugeni. Mama huyu ameinama miaka 50, na jembe, na mtoto mgongoni, kwenye mashamba ya viazi na maharage. Kiuno chake hakikuumia kwa kukosa kuinama. Ukimfundisha kuinama zaidi eti kwa sababu ukurasa wa mwongozo unasema kunalegeza mgongo, unamwongezea alichokuja kukikimbia. Yule dada hakukiona hilo mwenyewe. Kilionwa na mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali moja ya hapa Mbeya, ambaye yule dada alimfuata akamwomba, kwa aibu kidogo, aje kukaa nyuma ya darasa asubuhi moja. Akaja na chupa yake ya chai, akatazama. Mwishoni akamwambia mambo manne. Moja ni hilo la kuinama. Jingine ni kwamba wenye presha wasigeuzwe kichwa chini, hata wakiomba, na kwamba aanze kuwauliza watu kuhusu presha kabla ya darasa, wala asisubiri waseme.

Mtaalamu yule alisoma miaka, siyo wiki, na ningeelewa kama angemdharau. Nilimuuliza kwa nini alikubali kuja. Akasema wagonjwa wanakwenda huko hata yeye asipokwenda.

Hapo ndipo ninapoona deni la yule dada lilipo, na kwa nini nasema ni kubwa kuliko lile la saa. Akiambiwa saa zake hazitoshi, anaweza kulipia kozi ya saa 300 nyingine, ipo, akapata cheti cha 500, na akabaki mpweke vile vile. Fedha imemaliza tatizo kwenye karatasi. Lakini akiambiwa ajitafutie mtu wa kumkosoa, hakuna pa kulipia. Inabidi aende mwenyewe, aonekane hajui, mbele ya mtu anayejua, katika mji ambao yeye ndiye bango na jina. Nimeona waandishi wa habari wenye shahada ambao hawawezi kufanya hivyo kwa mhariri wao.

Linganisha na mafundi wetu. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi seremala wa pale Mlandege au mwashi aliyejifunza kwa mjomba anapimwa kwa kazi ya mikono yake, ndipo anapewa cheti. Ujuzi umetangulia, karatasi imefuata. Kwenye yoga ya saa 200 karatasi imetangulia, na ujuzi unatakiwa uikimbilie. Siyo dhambi. Madereva wetu wengi wameanza hivyo pia. Ila mtu ambaye karatasi yake imemtangulia lazima ajue hivyo, na wanafunzi wake wana haki ya kujua hivyo.

Suala hilo la wanafunzi kujua linanipeleka kwenye jambo ambalo nyanda hizi huwezi kulikwepa, yaani dini. Wamoravian na Walutheri wapo Rungwe tangu mwaka 1891, Wakatoliki walijenga Tosamaganga, na leo kila mtaa una kanisa la kilokole lenye spika kubwa kuliko jengo. Kuna wahubiri wanaosema yoga ni kufungulia mapepo mlango. Kwa sababu hiyo bango la kwanza la yule dada halikusema yoga. Lilisema "Mazoezi ya viungo na pumzi."

Tulibishana kwa muda mrefu kuhusu bango hilo. Alikuwa na hoja nzuri. Patanjali, ambaye maandiko yake yanahesabiwa kuwa msingi wa falsafa ya yoga, ana mistari zaidi ya 190, na mikao inazungumzwa kwenye mistari 3 tu, tena kwa maana ya kukaa kwa utulivu. Mikao mingi tunayofanya leo imekua karne ya 20; msomi Mark Singleton alionyesha kwenye kitabu chake cha mwaka 2010, Yoga Body, jinsi ilivyochanganyika na jimnastiki za Ulaya zilizoingia India. "Sasa mimi nafundisha dini gani hapo?" aliniuliza. "Nafundisha kunyoosha paja."

Nilimjibu kwamba kama ni hivyo, basi hana haja ya kuficha neno. Na kama neno lina uzito kiasi cha kulificha, basi mwanafunzi ndiye anayepaswa kuamua kama ataubeba uzito huo. Yule mama wa Uyole ni mzee wa kanisa. Akija kujua miezi sita baadaye, kutoka kwa mtu mwingine, kwamba alichokuwa anafanya kila Jumatano kinaitwa yoga, hata kama hakuna pepo hata mmoja aliyeingia, ameshadanganywa na mtu aliyemwita mwalimu. Mtu anayejificha kwenye jina atajificha na kwenye mengine, maana hakuna wa kumuuliza asichokitaja.

Alinuna. Wiki iliyofuata alimweleza mama, kwa Kiswahili cha adabu, kwamba mazoezi haya yametoka India, kwamba huko yana undugu na imani ya Wahindu, kwamba yeye hafundishi sala zao, na kwamba neno lenyewe, kwa Kisanskriti, linatokana na kuunganisha, kufunga pamoja, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira. Mama alifikiri kidogo. Nira anaijua kutoka shambani na anaijua kutoka Mathayo. Akasema atamuuliza mchungaji wake. Mchungaji, nilivyoambiwa, alimuuliza mama kama kuna mtu anasujudiwa mle ndani. Mama akasema hapana, kuna baridi tu. Anaendelea kuja. Vijana wawili wa chuo, kwa upande mwingine, waliacha, mmoja akisema wazi kwamba ni kwa ajili ya imani yake. Karo mbili zikapotea. Hilo nalo lihesabiwe, maana ukumbi unalipiwa watu wawe kumi au wanane.

Nimejiuliza kama kuna mahali karibu na sisi walipolitatua hili la upweke. Nairobi wamejaribu. Africa Yoga Project ilianza mwaka 2007, na waasisi wake ni Wamarekani Paige Elenson na Baron Baptiste. Vijana wa mitaa ya mabanda, baadhi yao wanasarakasi ambao miili yao ilikuwa tayari inajua kusimama kwa mikono, walifundishwa ualimu wa yoga, kisha wakapelekwa kufundisha mashuleni, magerezani, kwenye vituo vya jamii, wakipata posho. Mtu anaweza kulalamika, na nimesoma watu wakilalamika, kuhusu wafadhili wa kizungu na picha za vijana wa Kibera zinazouza vizuri. Malalamiko hayo yana mahali pake. Lakini kitu kimoja walichokielewa ni kwamba kozi haitoshi; pawepo na nyumba ya kurudi. Kuna kituo, kuna darasa la pamoja ambalo walimu wanaingia kama wanafunzi, kuna wenzako wanaokuona ukifundisha. Kijana akimwumiza mtu goti siku ya Jumanne, Jumamosi atakutana na macho ya wenzake.

Dar es Salaam nako kuna Kituo cha Utamaduni cha India cha Swami Vivekananda chenye madarasa ya yoga, na kila tarehe 21 Juni, tangu Umoja wa Mataifa uitangaze siku hiyo Desemba 2014, watu wanakusanyika na mikeka. Mwalimu wa Dar akiwa na shaka ana mlango wa kubisha. Mbeya mlango huo hauko. Kutoka Mbeya hadi Nairobi ni siku mbili za basi na usiku mmoja wa kulala vibaya. Yule dada hawezi kwenda kila Jumamosi, hata nauli angepewa.

Nilimwambia haya yote nikidhani namletea jambo jipya. Kumbe alikuwa ameshaanza. Kuna mwenzake waliyesoma naye kozi ile ile ya mtandaoni, yeye amebaki Iringa, anafundisha watu sita sebuleni kwake Wilolesi. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana hadi mwaka jana. Sasa mara moja kwa mwezi mmoja anapanda basi kutoka Mbeya, mwingine kutoka Iringa, wanakutana Makambako, ambako mtu wa tatu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye hana cheti chochote cha yoga, anawapa darasa tupu siku ya Jumamosi. Kila mmoja anamfundisha mwenzake saa nzima, na mwenzake anaandika kila anachokiona kibaya. Yule mwalimu wa shule anakaa nyuma. Yoga haijui, ila ana miaka 27 ya chaki, na kazi yake ni kusema pale asipoelewa walichoambiwa wanafunzi wafanye.

Niliuliza huwa anasema mara ngapi.

"Mwezi uliopita alinisimamisha mara 11," akasema. "Nikamwambia ticha, punguza. Akasema rudia."